Papa Aliyeitwa Charnelle

Kamba haikuwa imekatwa. Sajini Desiree Februarie aliipitisha tena vidoleni, kamba ya nailoni ya buluu, mpya na laini, akafika kwenye ncha yake na kuikuta imeyeyushwa kwa moto, kama zinavyoyeyushwa ncha zote za nailoni ili zisifumuke. Hapakuwa na alama ya kisu wala mahali palipolika. Kamba ilikuwa nzima kabisa, na mwanamke mmoja alikuwa amelazwa hospitalini Hermanus, mbavu zimevunjika, hajitambui tangu jana.

"Imefunguka," alisema.

"Si ndicho ninachokwambia tangu asubuhi?" alijibu Nahodha Hennie Swanepoel. "Imefunguka. Aliyeifunga ni Ricardo. Ricardo mnaye rumande. Mimi nataka boti yangu."

Boti yake, Rosalina, ilikuwa juu ya trela katika uwanja wa bandari ya Kleinbaai, imezungushiwa utepe wa polisi. Chini yao trekta lilikuwa likishusha boti nyingine majini, imejaa wageni waliovishwa makoti ya rangi ya chungwa, na nahodha wake alimpungia Hennie mkono kwa huzuni ambayo haikufika machoni. Ndivyo tulivyo hapa kwetu. Tangu papa weupe waanze kuadimika, boti moja ikikosa safari, wenye boti nyingine hulala usingizi mzuri.

"Nieleze tena," Desiree alisema. "Taratibu. Mimi ni mtu wa nchi kavu."

Hennie alishusha pumzi. "Kizimba hakizami. Kinaelea ubavuni mwa boti, kimefungwa kwa kamba mbili, ya mbele na ya nyuma. Wageni wanaingia, wanashika vyuma. Attie anatupa kichwa cha jodari, papa anakifuata, anapita mbele ya pua zao. Wanapiga mayowe, wanarudi, wanakunywa supu, wanakwenda kwao."

"Na jana?"

"Jana kamba ya nyuma ikaachia. Wimbi likakisukuma kizimba upande mmoja, kikafunguka kama mlango. Papa alikuwa anakifukuzia kichwa cha jodari, akaingia kwenye ule uwazi. Wageni wakachanganyikiwa. Charnelle, mpiga picha wetu, alikuwa humo ndani pamoja nao. Akapanda juu ya kizimba ili amsukume bibi mmoja atoke. Wimbi likarudi, kizimba kikambana kwenye ubavu wa boti."

"Papa hakumgusa?"

"Papa alikimbia, Sajini. Alikuwa na akili kutuzidi."

Gazeti la asubuhi lilikuwa limeandika vingine. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na papa amekenua meno, na pembeni yake picha ndogo ya Attie Kiewiet, mtupa chambo wa Rosalina na mume wa Charnelle, viganja vimefungwa bendeji. Attie ndiye aliyeruka juu ya kizimba akakivuta kwa mikono mitupu mpaka Ricardo alipotupa kamba nyingine. Gazeti lilimwita shujaa. Ricardo Fortuin, mtu wa kizimba, hakuitwa kitu chochote kizuri.

Desiree alitembea mpaka mbele ya boti. Kizimba kilikuwa kimerudishwa ndani na kulazwa ubavuni, na kamba ya mbele ilikuwa bado imefungwa kwenye nguzo yake, maana aliagiza isiguswe. Lilikuwa fundo nene kama ngumi, mkia wake umerudishwa ndani mara kadhaa, umebanwa kabisa. Alilipiga picha pande zote.

"Hili ni la Ricardo?"

"La Ricardo. Na la nyuma lilikuwa la Ricardo. Kwenye boti kila mtu ana kamba yake. Ya nanga ni yangu. Ya chambo ni ya Attie. Za kizimba ni za Ricardo. Kushika kamba ya mwenzio ni kama kuingia chumbani kwake bila hodi. Hata mimi mwenye boti sifanyi."

"Mtu aliyefunga hili la mbele hivi, la nyuma akalifunga lifunguke?"

"Labda alikuwa na haraka." Hennie alikwepa macho yake. "Labda alikuwa na mawazo."

"Mawazo gani?"

Kabla hajajibu, sauti nene ilipanda kutoka chini. "Mwulize vizuri, binti! Usimwache!"

Alikuwa Gys Lourens, mwenye boti inayoegeshwa jirani na Rosalina, mtu mkubwa mwenye uso mwekundu na kikombe cha kahawa mkononi. Desiree alikuwa na swali lake tayari. Watu wawili walikuwa wamemwambia kwamba jana alfajiri Gys alionekana ameinama kwenye Rosalina kabla wafanyakazi hawajafika.

"Bwana Lourens. Jana ulitafuta nini kwenye boti ya watu?"

Gys hakuona aibu hata kidogo. "Harufu. Nilikwenda kunusa ndoo zao. Nataka kujua huyu Hennie anachanganya nini kwenye uji wake wa samaki. Yule papa jike anapita nyuma ya boti yangu, mimi nina jodari safi, wa jana yake, wananukia mpaka Cape Town, na yeye ananipita kama hanijui, anakwenda kwa Hennie! Kila siku! Unajua inavyouma?"

"Inauma mpaka kufungua kamba?"

"Kama ningetaka kuiba kitu kwa Hennie ningeiba papa. Kamba ninazo."

Hennie alicheka bila kutaka. Desiree hakucheka. "Nahodha, kizimba mnakifunga saa ngapi? Hapa bandarini?"

"Hapana. Tunasafiri nacho kikiwa ndani ya boti. Tunakitupa majini na kukifunga tukishatia nanga kule karibu na kisiwa cha sili, wale wanyama wanaowindwa na papa."

Basi Gys alikuwa ametoka kwenye orodha ya washukiwa. Hata kama alfajiri alizifungua kamba zote za Rosalina, Ricardo alizifunga upya baharini. Aliyefanya kitu alikifanya kule, mbele ya macho ya wageni, na alikuwa mmoja wa waliokuwa ndani ya boti.

"Nakuacha na harufu yako, Bwana Lourens."

"Ngoja, binti. Hujauliza yule papa anaitwaje."

Hennie aligeuka. "Gys, nyamaza."

"Anaitwa Charnelle," Gys alisema, na kwa raha iliyomwenea usoni ungedhani amepewa jodari wa bure. "Jina la mke wa Attie. Na anayelipigia kelele kila papa akitokea ni Ricardo. Sisi wote tunamsikia mpaka kwenye boti zetu. 'Charnelle huyo! Tazameni tumbo hilo! Njoo mama, njoo!' Na Attie amesimama pale na kichwa cha jodari mkononi, anamlisha. Ingekuwa mimi, ningemtupa Ricardo badala ya jodari."

Desiree alimtazama Hennie. Nahodha alikuwa anajikuna shingo.

"Papa mgeni akija hupewa jina," alisema mwishowe. "Ndiyo desturi yetu. Jina likishapatikana, limekwisha, halibadilishwi. Hilo lilianza kama mzaha. Tukacheka wote."

"Attie alicheka?"

"Attie si mtu wa kucheka."

*

Nje ya kituo cha polisi cha Gansbaai mama yake Ricardo, Anti Koba, alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi, bakuli la maandazi ya nyama ya kusaga limefunikwa kwa kitambaa mapajani mwake. Hakuwa amelala, macho yake yalisema hivyo.

"Sajini, wanasema kesho anapandishwa kizimbani mahakamani."

"Ndiyo, anti."

"Na yule mtoto wa watu akifa je?"

"Hajafa."

"Nimeuliza akifa."

Desiree hakupenda kuwadanganya mama za watu. "Akifa, Ricardo atashtakiwa kwa kifo chake."

Anti Koba alimpa bakuli. "Basi mpe yangali moto. Na wewe chukua moja, umekonda."

Ricardo alikula maandazi mawili kabla ya kusema neno. Alikuwa kijana mrefu, mchangamfu wa kuzaliwa, na hata huku rumande uchangamfu ulikuwa bado haujaisha wote. Desiree aliweka mezani kipande cha nailoni ya buluu na kumsogezea kiti cha pili ili afungie kwenye mguu wake.

"Funga. Kama ulivyofunga jana."

Ricardo alifuta mafuta kwenye suruali na kufunga. Mikono yake haikutafuta njia. Alizungusha, akapitisha, akarudisha mkia ndani, tena, tena, kisha akavuta kwa uzito wa mwili wote. Fundo nene kama ngumi. Desiree alilivuta kwa mikono miwili, likakataa kusogea.

"Kwa nini unarudia hivyo?"

"Nailoni inateleza, Sajini. Ukiifunga kivivu inakutoroka huku unaitazama. Nahodha alininunulia hii mpya, ndiyo mbaya zaidi, kama imepakwa sabuni."

"Na jana ya nyuma uliifunga hivi?"

"Naapa kwa mama yangu aliyekaa pale nje."

"Wewe na Charnelle mna nini?"

Uchangamfu ulimtoka. "Hatuna kitu."

"Mume wake anakusikia kila siku ukilitaja jina lake na tumbo lake."

"Tumbo la papa! Sajini, ni kazi. Wageni wanapenda vurugu. Wakisikia papa ana jina wanapiga makofi. Jina nililikuta, nikaona ni tamu mdomoni, nikalitumia. Mimi ni mdomo tu."

"Ulilikuta wapi?"

"Si lilikuwa linasemwa kwenye boti?" Alinyanyua mabega. "Unajua mimi namwonea wivu nani? Mjomba Attie. Tangu nianze kazi namwomba anifundishe chambo. Mtupa chambo ndiye mfalme wa boti, wote tuliobaki ni watumishi. Anakataa hata niiguse ile kamba yake. Anarudi nayo nyumbani. Charnelle alituambia kuna siku aliikuta kitandani. Namwonea wivu kamba yake, Sajini. Mke wake abaki naye."

Kapteni Nortje alikuwa amesimama mlangoni na kuyasikia yote. Alimwita Desiree kwenye korido. Nortje alikuwa amepewa kiti ambacho Desiree alikuwa amekikodolea macho muda mrefu, na wote wawili walijua, kwa hiyo walizungumza kwa adabu iliyozidi.

"Februarie, umeipata sababu kwa mdomo wake mwenyewe. Anataka nafasi ya Attie. Kizimba kikiachia papa akiwa karibu, wa kulaumiwa ni mtupa chambo aliyemvuta papa. Attie anafukuzwa, yeye anapanda."

"Lakini kamba iliyoachia ni yake mwenyewe, Kapteni. Nani anamtega mwenzake kwa kamba yenye jina lake?"

"Mjinga."

"Ricardo si mjinga."

"Basi kesho asubuhi umwambie hakimu hivyo," Nortje alisema. "Ukiwa na kitu kingine cha kumwonyesha. Usipokuwa nacho, tunakwenda na nilichonacho mimi."

*

Kamera ya Charnelle ilikuwa ofisini kwa Hennie, ndani ya mfuko wake usioingiza maji. Kazi ya Charnelle ilikuwa kusimama sehemu ya juu ya boti akipiga picha: wageni, papa, na hasa mapezi ya mgongoni, maana pezi la kila papa lina kingo zake, na kwa kingo hizo ndivyo wanavyojua nani amerudi na nani ni mgeni. Jana aliiacha kamera kwa Hennie alipoteremka kizimbani, ndiyo maana ilipona.

Desiree alizipitia picha zote za jana kwenye kompyuta ya Hennie, kahawa ikipoa pembeni. Mwanzoni hakupenda alichokiona. Ricardo alikuwa kila mahali. Ricardo anacheka, Ricardo ameinama, Ricardo amemshika mgeni mkono. Mume yeyote angezipitia picha hizi nyumbani jioni angepata ya kumkosesha usingizi.

Kisha akaona kwamba Ricardo alikuwa mahali pamoja tu, mlangoni mwa kizimba. Ndipo kazi yake ilipo. Charnelle alikuwa anapiga picha za wageni wakiingia, na Ricardo alikuwa ameingia kwenye picha kama mlango unavyoingia kwenye picha ya watu wanaoingia nyumbani. Desiree alijicheka kidogo. Aliacha kumtazama Ricardo, akaanza kutazama kilichokuwa nyuma yake.

Nyuma yake kulikuwa na nguzo ya upande wa nyuma wa boti, na kwenye nguzo kamba ya buluu.

Kundi la kwanza la wageni linaingia majini: fundo ni nene kama ngumi. Aliikuza picha mpaka ikaanza kufifia. Hakuna shaka, ni fundo la Ricardo. Kundi la pili linaingia, nguzo ile ile, kamba ile ile: fundo ni jembamba. Mizunguko miwili tu, na mkia umeachwa ukiwa umeelekea baharini.

Katikati ya picha hizo mbili kundi la kwanza lilikuwa limetoka na la pili lilikuwa likivaa. Charnelle alikuwa amegeuzia kamera upande wa mbele. Ricardo yupo, anamvua mgeni mmoja suti ya kuzamia iliyomganda. Hennie yupo, anagawa chai. Mgeni mmoja anatapika na mwenziwe anamshika kiuno. Attie hayumo katika picha hata moja.

Desiree alimwita Hennie. "Wageni wakibadilishana, mtupa chambo anafanya nini?"

"Anapandisha chambo, anapumzisha mikono."

"Anasimama wapi?"

"Nyuma. Mtupa chambo haondoki nyuma." Hennie alimtazama. "Kwa nini?"

Simu ya Desiree iliita. Ilikuwa hospitali. Charnelle Kiewiet alikuwa amefumbua macho.

*

Alikuwa mdogo kuliko Desiree alivyomfikiria, uso umevimba upande mmoja, na alizungumza kwa vipande kwa sababu ya mbavu.

"Yule bibi alikuwa anatetemeka," alisema. "Ametoka mbali, amengoja maisha yake yote amwone papa, na alipofika mlangoni akalia. Nikamwambia naingia na wewe, tutashikana mikono. Siingiagi kizimbani mimi. Alipona?"

"Alipona. Amekuletea haya maua."

"Na Ricardo? Wanasema mmemweka ndani."

"Yuko ndani."

"Mwacheni. Ricardo ana kelele, lakini kamba zake hazina kelele." Alifumba macho kidogo. "Attie hajaja."

"Hajaja kabisa?"

"Muuguzi anasema alifika mpaka mlango wa nje, akarudi. Amekula lakini? Nisipokuwepo anakula mkate mkavu."

Desiree alivuta kiti karibu. "Charnelle, nina swali moja la ajabu. Jina la yule papa lilitoka wapi?"

Charnelle alianza kucheka, mbavu zikamkataza. "Nitakwambia," alisema. "Ila usimwambie Ricardo, ataringa."

*

Attie Kiewiet alikuwa kwenye banda la chambo nyuma ya bandari, mahali ambapo hata mapaka hufikiria mara mbili. Kichwa cha jodari kikubwa kama ndoo kilikuwa mbele yake juu ya meza, naye alikuwa anakifungia kamba kwa mikono yenye bendeji. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana na mvi za mapema. Hakuinua macho.

"Rosalina haitoki, Mjomba Attie. Chambo cha nani?"

"Cha Gys. Mtu wake anaumwa. Jodari wataoza tukiwaacha." Alivuta kamba. "'Mkeo yuko hospitali, wewe unafunga jodari.' Sema tu, Sajini. Wote wanasema."

"Mimi nimekuja kuangalia unavyofunga."

Kamba ilikuwa ya katani, ngumu, yenye manyoya. Sheria ya kazi yao ndivyo inavyotaka: kamba ya chambo lazima iwe ya katani, ili papa akiimeza imuozee tumboni isimwue. Attie aliipitisha kwenye matamvua ya jodari, akazungusha mara mbili, akakaza, akauacha mkia ukiwa umeelekea nje. Fundo jembamba.

"Huurudishi mkia ndani?"

"Wa nini? Katani inajing'ata yenyewe. Fundo hili linavutwa na papa na halitoki."

"Na kwenye nailoni?"

Mikono ya Attie ilisimama.

Desiree alitoa picha mbili kwenye bahasha na kuziweka mezani, mbali na damu ya samaki. Ya kwanza ilikuwa fundo nene. Ya pili ilikuwa fundo jembamba, mizunguko miwili, mkia nje. Kisha akakisogeza kichwa cha jodari kidogo, kamba yake ikawa sambamba na picha ya pili.

Attie alitazama picha, akatazama jodari, akatazama picha tena.

"Nani amepiga hii?"

"Mkeo."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nje shakwe walikuwa wanagombania utumbo wa samaki.

"Nilitaka kizimba kilegee tu," alisema. "Kilegee kidogo, kigonge ubavu wa boti. Hennie angempigia Ricardo kelele. Mbele ya wageni. Mbele ya Charnelle, ili na yeye amwone yule bwana mkubwa wake akifokewa kama mtoto. Basi. Nilifungua lake nikafunga langu, legelege kidogo. Kwenye katani lingekaa hivyo mpaka jioni."

"Lakini haikuwa katani."

"Sikufikiria, Sajini. Mikono ilifunga yenyewe. Miaka yote hii haijawahi kufunga kitu kingine." Alivitazama viganja vyake. "Nilipomwona kizimbani nilikuwa nimeshatupa chambo. Haingiagi kizimbani, yeye! Nikaanza kuivuta kamba nimwondoe papa, na papa akaja nayo moja kwa moja mpaka kizimbani."

"Ukanyamaza Ricardo akamatwe."

"Nilinyamaza." Sasa sauti ilipanda, na wivu wote uliokuwa umelala humo ndani ukaamka. "Unajua ni nini, kila siku ya Mungu, kumlisha papa mwenye jina la mkeo huku mwanamume mwingine anamwita njoo mama njoo? Na watu wanapiga makofi! Na yeye kule juu anacheka! Namwona, anacheka! Kwa nini Ricardo ampe jina la mke wangu? Alimwomba nani?"

"Ricardo hakumpa jina."

"Mimi nilimsikia."

"Ulimsikia akilitaja. Desturi yenu inasemaje, Mjomba Attie? Papa mgeni anapewa jina na nani?"

Attie alijibu kama mtu anayejibu swali la darasani. "Na aliyemwona kwanza. Sikuzote ni mimi, kwa sababu nipo nyuma."

"Na yule jike, ulimwona kwanza wewe?"

Alifikiri. Alitikisa kichwa. "Alipita upande wa juani. Sikumwona. Charnelle alikuwa ameshampiga picha ya pezi."

"Basi jina lilikuwa lake kutoa, akatoa. Nimetoka kwake sasa hivi, amezinduka." Desiree alingoja mpaka akaona kwamba hilo limemfikia. "Anazungumza. Kaniambia nikwambie maneno haya, na nitayasema kama alivyoyasema. Anasema, 'Attie amewapa papa jina la mama yake. Amewapa majina ya dada zake wote. Papa mmoja alimpa jina la mbwa wetu. Mimi nilikuwa nasimama pale juu nangoja siku yangu. Nikaona wivu. Naona wivu mpaka kwa mbwa! Siku nilipompata wangu, nikajiita mwenyewe.'"

Attie aliinama mpaka paji la uso likagusa bendeji za mikono yake, na mabega yale mapana yakaanza kutikisika. Desiree alisimama pale, akautazama ukuta, akahesabu ndoana zilizotundikwa, kwa sababu kuna vitu ambavyo hata polisi hapaswi kuvitazama.

"Atakufa?" Attie aliuliza baadaye.

"Daktari anasema hapana."

"Anajua kuwa ni mimi?"

"Bado. Picha alizipiga yeye. Ataziona."

Attie aliinuka. Alinawa mikono kwenye ndoo kadiri bendeji zilivyoruhusu, akavua aproni yake ya plastiki na kuitundika kwenye msumari. Kisha akaifungua kamba kwenye kichwa cha jodari, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, akaikunja vizuri na kumnyooshea Desiree.

"Hii nayo ni ushahidi?"

"Picha inatosha."

"Ricardo anatoka leo?"

"Nikishafika kituoni na wewe, anatoka. Mama yake yuko nje anamngoja."

"Basi mpe Ricardo kamba hii." Desiree alisita kuipokea, na Attie akaisukuma kifuani mwake. "Mwambie mkono wa kulia uwe juu, na asimtupie papa usoni, atupe mbele yake. Mengine atajifunza. Na mwambie yule jike akitokea amwite. Asione haya. Amwite kwa nguvu mpaka Gys asikie kwenye boti yake. Ana haki ya jina lake."